"Nimetuma" si "Imefika"

UKURASA WA USALAMA NA AFYA
Somo la mwezi huu: Habari ya ugonjwa inavyosafiri toka kijijini mpaka kwenye kompyuta



Unajua desturi ya chumba cha taa. Unaposhuka shimoni, kibati chako chenye namba kinabaki ubaoni. Ukipanda, unarudisha taa na kibati chako kinaondolewa. Zamu ikiisha na kibati kimoja bado kinaning'inia, hakuna mtu anayesema, "Ah, labda amekwisha kwenda nyumbani." Shefu anatafuta mtu huyo mpaka apatikane. Hata mwenzako akiapa kwamba alikuona ukipanda, ubao haumsikilizi. Unataka taa irudi.

Mwezi huu tunajifunza desturi hiyohiyo, lakini si kwa watu. Ni kwa habari. Maana habari nayo hushuka shimoni, na mara nyingine haipandi, na hakuna anayeitafuta.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wengi wetu tunaofanya kazi Kolwezi tuna wazazi, ndugu na watoto upande wa Sandoa. Sandoa ipo kando ya mto Lulua, mbali na reli inayopita Mutshatsha na Kasaji kwenda Dilolo. Wakati wa mvua njia huwa ngumu, na vijijini rezo ya simu huja na kwenda kama jua la masika.

Tufanye mfano. Katika sentri ya afya ya kijiji kimoja upande huo, muuguzi amepokea watoto 4 wenye homa, macho mekundu na vipele. Anafikiri ni surua. Anaandika ripoti ya juma katika simu, anabonyeza "tuma", anaweka simu mfukoni na kurudi kwa wagonjwa. Moyo wake umetulia. Amefanya kazi yake.

Lakini wakati ule rezo ilikuwa imekatika. Kwenye ofisi ya zoni ya afya, mstari wa kijiji kile hauna kitu. Anayesoma anaona hakuna surua. Chanjo haiondoki. Na mgonjwa wa surua huambukiza wengine tangu siku 4 kabla ya vipele kutoka hata siku 4 baada yake. Juma moja likipotea, wale 4 si 4 tena.

Si mambo ya hadithi. Katika mlipuko wa surua uliotangazwa nchini mwetu mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mnamo Januari 2020 kwamba waliokufa walikuwa wamepita 6,000. Wengi wao walikuwa watoto wadogo. Chanjo ndiyo kinga, lakini chanjo hufuata habari. Penye habari haikufika, chanjo nayo huchelewa.

KITABU KIKUBWA KILICHO NDANI YA KOMPYUTA

Zamani ripoti ilikwenda kwa karatasi, kwa baiskeli na kwa gari. Siku hizi zoni za afya za nchi yetu huandika hesabu zao katika hifadhidata ya intaneti. Hifadhidata ni kitabu kikubwa cha hesabu kilicho ndani ya kompyuta iliyo mbali, na kila mwenye ruhusa anaweza kukifungua toka alipo. Mganga wa zoni Sandoa, wakubwa wa afya wa mkoa hapa Kolwezi na wizara kule Kinshasa, wote wanasoma ukurasa mmoja.

Programu inayotumika inaitwa DHIS2. Inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na mizizi yake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini miaka ya 1990. Kenya ilianza kuitumia kwa nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na nchi nyingi za Afrika zikafuata, nasi tumo.

Kitabu hiki ni kizuri, lakini kipo upande wa pili wa rezo. Hapo ndipo shida ilipo. Mwandikaji yuko kijijini, kitabu kiko mbali, na katikati kuna daraja linalovunjika kila siku. Tufanye nini?

LUNDO LA MAWE KATI YA MASHINE MBILI

Wewe uliyefanya kazi kiwandani unalijua jibu. Mawe yatokayo machimboni hayaingizwi moja kwa moja katika vinu vya kusaga. Kati ya mashine ya kuponda na vinu kuna lundo kubwa. Malori yakichelewa, vinu vinaendelea kula lundo. Vinu vikisimama kwa matengenezo, malori yanaendelea kumwaga. Upande mmoja hausimamishi upande mwingine.

Lundo la habari linaitwa foleni ya ujumbe, yaani mstari ambapo ujumbe hungoja zamu yake. Muuguzi haandiki moja kwa moja katika kitabu kikubwa. Anaweka ujumbe katika foleni. Rezo ikiwepo, foleni inausukuma mbele. Rezo ikikatika, foleni inaushika na kungoja. Rezo ikirudi, na sentri zote zikituma kwa saa moja, foleni inazipanga ili kitabu kiziandike kwa kadiri ya nguvu zake.

Foleni iko mahali pengi. Programu ya DHIS2 ya simu huweka ripoti ndani ya simu yenyewe mpaka intaneti ipatikane. Kampuni za simu nazo zina kompyuta inayoshika ujumbe mfupi wakati simu ya mpokeaji imezimwa, kisha kuujaribu tena, lakini kwa muda wenye mwisho. Na karibu na kitabu chenyewe kunaweza kuwa na foleni nyingine katika seva.

Lakini sikiliza vizuri: foleni iliyowekwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa na foleni. Mtu asiye na foleni anajua kwamba habari haikwenda. Mwenye foleni mbovu anadhani imekwenda.

ANDIKA KWANZA, FUTA BAADAYE

Kati ya foleni na kitabu pana mtumishi mmoja, ambaye ni programu ndogo. Kazi yake ni kuchukua ujumbe katika foleni na kuuandika kitabuni. Ana hatua nne, na mfuatano wake ndio usalama wote:

1. Anachukua ujumbe, lakini hauondoi katika foleni.
2. Anauandika kitabuni.
3. Anangoja kitabu kijibu: "Nimeandika."
4. Sasa ndipo anaiambia foleni: "Futa."

Angalia kinachotokea akigeuza mfuatano huo. Anachukua, anafuta, kisha anataka kuandika. Umeme unakatika katikati. Foleni haina kitu, kitabu hakina kitu, na wale watoto 4 wamepotea kati ya mikono miwili. Hakuna kengele iliyolia. Hakuna mtu aliyeona kosa.

Akifuata mfuatano mzuri, umeme ukikatika wakati wowote ujumbe bado upo. Akiamka ataukuta na kuuchukua tena.

Tena foleni yenyewe lazima iandikwe mahali pasipofutika umeme ukizimika. Foleni iliyo katika kumbukumbu ya muda tu ya kompyuta ni kama hesabu iliyoandikwa kwa chaki mbele ya mvua.

HATARI YA PILI: KUHESABIWA MARA MBILI

Hapa msomaji mwerevu atauliza: "Je, mtumishi akiisha kuandika, umeme ukakatika kabla hajasema 'futa'? Si ataandika tena?"

Ndiyo. Umeona vizuri. Ataandika tena. Watoto 4 watakuwa 8, na zoni itatuma mganga mbio pale ambapo hatari si kubwa hivyo, na pengine itamtoa mahali palipo pabaya zaidi.

Dawa yake ni ileile ya chumba cha taa: namba. Kila ripoti iwe na alama yake isiyo ya mwingine, nacho kitabu kikatae kuhesabu alama moja mara mbili. Kwa hesabu za jumla, DHIS2 hutambua kila tarakimu kwa jina la sentri, kipindi na kitu kinachohesabiwa. Ukituma mara mbili kwamba sentri fulani, juma la 10, ina watoto 4 wa surua, kitabu hakijumlishi. Kinaandika 4 juu ya 4, na jibu linabaki 4. Kwa habari za mgonjwa mmoja mmoja, kila tukio hupewa namba yake.

Basi kanuni ni hii: foleni na irudie bila woga, kitabu nacho kitambue marudio. Vitu viwili hivyo huenda pamoja. Kimoja bila kingine ni kazi nusu.

Jihadhari na masahihisho. Muuguzi ametuma 4, kisha amepata wengine, akatuma 6. Kama ujumbe wa kwanza ulikwama njiani na ukafika nyuma ya ule wa pili, kitabu kitafuta 6 na kuandika 4. Ndiyo maana kila ujumbe uchukue saa yake ya kuandikwa, na kitabu kisikubali ujumbe wa zamani ufute mpya.

DARAJA TATU ZA KUTUMA

Jambo hili halikuanza kwa waganga. Mwaka 1999 mafundi wawili, Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM na Arlen Nipper, walitengeneza utaratibu wa kutuma ujumbe uitwao MQTT. Walitaka kuangalia mabomba ya mafuta yaliyo mbali, kwa njia ya setilaiti, mahali ambapo mawasiliano ni ghali na hukatika. Leo utaratibu huo hutumika pia katika vyombo vya kupimia vya viwandani na migodini. Una daraja tatu:

Daraja 0: Tuma mara moja, usingoje jibu. Ukipotea, umepotea. Unafaa kwa kipimo cha joto kinachotumwa kila sekunde, maana kingine kinakuja nyuma yake.

Daraja 1: Rudia mpaka mpokeaji ajibu. Hautapotea kwa sababu ya rezo, lakini unaweza kufika zaidi ya mara moja. Unataka kitabu chenye kutambua marudio.

Daraja 2: Mtumaji na mpokeaji husemezana mara mbili ili ujumbe ufike mara moja tu. Unachukua muda na nguvu zaidi.

Kwa ripoti ya ugonjwa au ya ajali, daraja 0 ni mwiko. Daraja 1 pamoja na namba ya ripoti hutosha kwa kazi nyingi. Lakini usidanganyike na daraja 2. Ahadi yake ni kati ya mtumaji na mpokeaji wa jirani tu. Haisemi kwamba kitabu cha mwisho kimeandika. Hatua nne tulizozitaja bado zinahitajika.

JUMA LA TUKIO, SI JUMA LA KUFIKA

Ripoti ya juma la 10 ikikaa katika foleni na kufika juma la 12, iandikwe wapi? Juma la 10. Kitabu kikiandika siku ya kufika badala ya siku ya ugonjwa, mganga ataona juma la 10 tulivu na juma la 12 lenye moto. Atatafuta chanzo katika siku zisizo zake. Kwa hiyo tarehe mbili ziwekwe: siku jambo lilipotokea na siku habari ilipofika. Tofauti yake ni funzo: inaonyesha ni sentri gani ina shida ya rezo au ya betri.

SANDUKU LA UJUMBE ULIOKWAMA

Ujumbe mwingine hauandikiki hata ukirudiwa mara mia. Muuguzi ameandika herufi "O" badala ya sifuri, au jina la sentri halimo kitabuni. Ukiachwa mbele ya foleni, unaziba njia, na wote walio nyuma wanangoja. Ukitupwa, habari imekufa. Basi unawekwa kando, katika sanduku la ujumbe uliokwama, na foleni inaendelea.

Lakini sanduku lisilofunguliwa ni kaburi. Lazima pawe na mtu mmoja, anayejulikana kwa kazi hiyo, anayelifungua kila asubuhi na kumpigia muuguzi simu: "Dada, ripoti yako imekwama, tusahihishe." Kazi hii isiwe ya "wote", maana kazi ya wote ni kazi ya hakuna.

MFANO WA JIRANI ZETU TANZANIA

Kati ya Septemba 2009 na Februari 2010 wenzetu wa Tanzania walijaribu mpango ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya afya vilikuwa 129. Kila Alhamisi kituo kilipata ujumbe mfupi ukiuliza dawa za malaria zimebaki ngapi. Mfanyakazi alijibu kwa simu yake mwenyewe bila kulipa, na hesabu ikaingia katika hifadhidata ya intaneti iliyosomwa na wakubwa wa wilaya. Asiyejibu alikumbushwa siku iliyofuata. Aliyejibu kwa wakati alipata uniti za simu.

Majibu yalifika kiasi cha 95 kwa 100. Vituo vilivyokosa dawa moja au zaidi kati ya zilizohesabiwa vilikuwa 78 kwa 100 juma la kwanza; juma la 21 vilikuwa 26 kwa 100.

Angalia kilicholeta faida. Simu zilikuwa za kawaida. Kilichosaidia ni kwamba kimya hakikuhesabiwa kuwa sifuri. Kituo kilichonyamaza kilitafutwa, kama vile shefu anavyomtafuta mwenye kibati kilichobaki ubaoni. Na wakubwa walipoona upungufu, walihamisha dawa. Habari iliyofika na isiyotendewa kazi ni sawa na isiyofika.

MAHALI FOLENI ISIPOTUMIKA

Kumbuka, foleni ni ya habari inayoweza kungoja saa au siku. Hatari ya sasa haina foleni. Dari ya shimo ikilia, gesi ikionekana, moshi ukitoka katika mkanda, usiandike ujumbe. Piga kelele, bonyeza king'ora, tumia simu ya mgodi au redio, toa watu. Ukishatoka, ndipo uandike ripoti.

Hali kadhalika nyumbani. Mtoto anayepata degedege, mama anayetoka damu, mtu anayeharisha maji bila kukoma: peleka lopitali mara moja. Ripoti itafuata nyuma yako.

YAKUPASAYO WEWE

1. Ukituma habari ya hatari au ya ugonjwa, ngoja jibu. Bila jibu, sema "sijajua kama imefika," wala usiseme "nimetuma."

2. Andika namba ya ripoti na tarehe katika daftari lako. Simu hupotea, daftari hubaki.

3. Ukirudia ripoti, tumia namba ileile. Usitengeneze mpya.

4. Usifute programu wala usimpe mtu mwingine simu ya kazi kabla ripoti zote hazijaondoka. Ukifuta, umechoma mfuko wa barua.

5. Usiandike jina la mgonjwa katika ujumbe mfupi wa kawaida. Siri yake ni haki yake.

6. Ukiona sifuri, uliza: ni sifuri ya kweli au ni kimya? Kimya kitafutwe.

7. Ndugu zako wa Sandoa wakikupigia kwamba watoto wa kijiji wana vipele na homa, usiseme "sentri itakuwa imekwisha kutuma." Waambie wamuulize muuguzi, naye aulize zoni: "Mmeiona?"

JIPIME MWENYEWE

Swali la kwanza: Mtumishi wa foleni afute ujumbe lini?
Jibu: Baada ya kitabu kusema kimeandika, si kabla.

Swali la pili: Ripoti moja imefika mara tatu. Je, ni ajali?
Jibu: Si ajali, kama ina namba moja na kitabu kinatambua marudio. Ni afadhali mara tatu kuliko hata mara moja isifike.

Swali la tatu: Sentri haikuleta ripoti juma hili. Tuandike watoto 0 wa surua?
Jibu: Hapana. Tuandike "haijafika", kisha tuitafute.

Ndugu msomaji, kesho ukirudisha taa yako, tazama ule ubao kidogo. Kila kibati kinamngoja mtu wake mpaka apande. Nasi tuilinde habari ya watoto wetu vivyo hivyo, mpaka tujue kwa hakika kwamba imefika.